Ukavu wa Macho: Mahali pa Dawa ya Hospitali na Mahali pa Tiba Asili



Katika tambarare ya Same, upepo na vumbi la kiangazi humfanya mtu yeyote afikiche macho. Ndiyo maana ukavu wa macho hudharauliwa. Hata hivyo, yupo mgonjwa ambaye macho humchoma kama yenye mchanga hata akiwa juu milimani penye ukungu. Kinywa humkauka, tonge la ugali halishuki bila maji, na viungo humuuma. Kwa mgonjwa huyo, huenda kinga ya mwili imegeuka na kushambulia tezi za machozi na mate. Maradhi hayo huitwa Sjögren, kwa jina la daktari wa Uswidi aliyeyaeleza mwaka 1933, na huwapata zaidi wanawake wa makamo.

Hospitali hutumia machozi bandia na dawa za kutuliza kinga ya mwili. Maradhi hayaishi, bali hudhibitiwa. Nchini China, baadhi ya hospitali huongeza mitishamba na tiba ya sindano, ingawa ushahidi wa manufaa yake bado ni mdogo. Tanzania nayo haikuipa kisogo tiba asili: Muhimbili ina taasisi inayoichunguza, na sheria ya mwaka 2002 inawatambua waganga waliosajiliwa.

Ushirikiano huo una mipaka yake. Jicho lisilo na machozi limepoteza ngao yake. Utomvu wa majani, maziwa au unga wa mizizi ukitiwa humo huweza kuleta kidonda kwenye kioo cha jicho, na kidonda huacha kovu linaloziba nuru. Utafiti uliochapishwa mwaka 1994 kuhusu vidonda hivyo nchini Tanzania ulionyesha kuwa takriban robo yake vilihusiana na dawa za kienyeji za macho.

Basi, dawa ya kienyeji isitiwe jichoni kamwe. Anayekunywa mitishamba amweleze daktari bila haya, kwani baadhi yake huweza kugongana na dawa za hospitali. Daktari naye asikilize bila kukaripia, maana mgonjwa aliyekaripiwa huficha. Mganga akiona jicho jekundu lenye maumivu, doa jeupe au uoni uliofifia, amwelekeze mgonjwa hospitalini siku hiyo hiyo. Ikibidi, rufaa itampeleka KCMC, Moshi.

Mgonjwa ni mmoja, na macho ni mawili tu.