Kabla Hatujaagiza Fulana Nyingine

(Maneno niliyoyasema kwenye kikao cha vijana wa tawi letu la chuo.)



Mwenyekiti amenipa dakika tano, nazitumia zote kwenye fulana. Kamati inataka tuagize fulana 300 za kampeni ya usafi wa mito, mgongoni ziandikwe "Tunza Mazingira". Wazo zuri. (Na jamani, mtu akitaja mazingira asidhaniwe ameleta kijani humu ndani!) Shida yangu ni kitambaa. Sampuli tuliyoletewa ni polista tupu. Polista inatokana na mafuta ghafi, yaani ni plastiki. Kila ukiifua inaachia nyuzi ndogo mno, zinakwenda na maji mpaka baharini. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchi hii tarehe 1 Juni 2019. Sisi tunataka kuivaa, tena na ujumbe mgongoni?

Wakati huohuo, Simiyu, Shinyanga na Mwanza wanalima pamba, na sehemu kubwa inauzwa nje ikiwa marobota, haijawa hata uzi. Kule Meatu wapo wakulima wa pamba ya kilimo hai tangu miaka ya 1990, hawatumii dawa za viwandani. Urafiki pale Ubungo kilifunguliwa 1968. Kila uchaguzi tunawabana watawala: viwanda vya nguo viko wapi? Haki tunayo. Ila tukiagiza marobota ya polista kutoka nje, siku ya mdahalo tutajibu nini?

Pamba nayo sio malaika. Rangi ya kitambaa ikimwagwa ovyo inaua mto, Msimbazi ni shahidi. Kwa hiyo anayetuuzia tumuulize maji ya rangi yanakwenda wapi. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Kuuliza sio umbea.

Halafu kuna fundi. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza kule Bangladesh liliwaangukia washonaji, wakafa zaidi ya watu 1,100. Nyufa zilionekana siku moja kabla, wakaambiwa warudi kazini. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa 45 kwa wiki, na saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu. Hivi oda zetu za "nataka kesho asubuhi" zinashonwa saa ngapi? Nani anakesha, analipwa nini? Chama kinachodai haki za wafanyakazi kiandike hayo kwenye mkataba wake wa fulana. Mkataba niko tayari kuuandika mimi, bure.

Najua mhazini atasema pamba ni ghali. Kweli, ni ghali. Basi tushone 100, tuziuze kwa wanachama badala ya kugawa. Za bure za mwaka jana mnazijua zilipo, nyingine nimeziona zinadekia mabwenini. Asiye na hela aje na fulana yake ya pamba, hata ya mtumba, tumchapie maandishi juu yake.

Oda ya polista bado haijasainiwa, iko kwa mhazini. Naomba tupige kura sasa hivi, kabla ya chai.