Mwezi wa Nane Msituni

 Wahitimu, wazazi wenu wamekaa juani tangu asubuhi, kwa hiyo huyu mzee wenu ataingia moja kwa moja kwenye kazi iliyomlea: misitu.

Lubumbashi hupata karibu milimita 1,200 za mvua kwa mwaka. Si haba. Ila mvua hiyo huja kwa msimu mmoja, na kuanzia Mei hadi Septemba mbingu hufunga. Ndiyo maana pori la hapa ni miombo: miti hupukutisha majani, jua hufika chini, nyasi hukauka na kuwaka.

Msitu mnene unataka kujua mwezi wa nane utakunywa nini, na mara nyingi mlima ndio unaounywesha. Usambara Mashariki, kule Tanzania, pepo za Bahari ya Hindi hugonga mteremko, hupanda, hupoa na kumwaga mvua. Amani hupata karibu milimita 1,900. Nyuma ya milima, Mkomazi, pepo hufika zimeishiwa maji, na nchi ni vichaka vya miiba. Kwetu Katanga, uwanda wa juu wa Kundelungu hunywa mvua ya masika, kisha maji huchuruzika makorongoni wakati wa kiangazi, na kandokando ya vijito miti hubaki kijani. Hata vichuguu virefu vya pembeni mwa mji, ambavyo watu huvichimba wafyatue matofali, hubeba kichaka kizito kuliko pori linalovizunguka, maana udongo wake una mfinyanzi na rutuba.

Sasa uchungu wa mzee. Wataalamu wa misitu wameabudu hesabu ya miche. Januari ardhi imelowa, miche inapandwa, picha zinapigwa, ripoti inapelekwa. Agosti nani anarudi? Moto umepita, na korongo lenye chemchemi limegeuzwa makaa ya kupikia bila mtu kuandika hata mstari.

Ng'ambo ya mpaka, Ndola nchini Zambia, majaribio ya moto yalianza mwaka 1933. Vipande vilivyochomwa kila mwisho wa kiangazi vilipoteza miti. Vilivyokingwa vilifunga vikawa msitu. Miombo huchipua yenyewe kutoka kwenye visiki na mizizi.

Kwa hiyo, vijana, mkipata ajira, ombeni gari la Agosti kabla ya gari la Januari. Hesabuni visiki vinavyochipua, na nyasi zichomwe mapema, Mei, zingali na umajimaji.