Ujiji: Mazungumzo ya Miezi Minne

[KIASHIRIO CHA KIPINDI, KISHA SAUTI YA MAWIMBI YA ZIWA TANGANYIKA]

MTANGAZAJI: Leo tuko Ujiji, kilomita chache kutoka Kigoma mjini, mahali ambapo njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilifikia ziwa. Wageni wengi wakifika hapa huenda moja kwa moja kwenye mnara wa kumbukumbu penye miembe, wakapiga picha, wakairudia kwa kicheko ile salamu maarufu ya Henry Stanley kwa David Livingstone, kisha wakaondoka. Naona wanaondoka mapema mno. Mwishoni mwa mwaka 1871 walikutana hapa watu wawili wasiojuana, mmoja ameishiwa matumaini, mwingine ameishiwa dini, na kila mmoja akamrudishia mwenzake kilichompungua. Kazi hiyo haikufanywa na salamu. Ilifanywa na mazungumzo ya miezi minne, barazani, mtumbwini na njiani.

Tumtazame kwanza Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Scotland. Julai ya mwaka huo, huko Nyangwe ng'ambo ya ziwa, aliwaona kwa macho yake wafanyabiashara wa watumwa wakiwamiminia risasi wanawake sokoni. Akageuza safari, akarudi Ujiji hoi, na kukuta shehena aliyotumiwa kutoka pwani imeshauzwa na mtu aliyekabidhiwa. Katika shajara yake alijifananisha na yule msafiri wa njia ya Yeriko aliyeangukia kati ya wanyang'anyi, ila yeye Msamaria hakumwona. Siku chache baadaye Susi, mtumishi wake, akaja mbio kumwambia kuna Mwingereza anakuja: ndiye Stanley. Shajara hiyohiyo inasema hamu ya chakula ilimrudia: aliyekuwa akila milo miwili isiyo na ladha akawa anakula mara nne kwa siku. Stanley naye ametuachia picha ya karibu ya siku ile. Wawili hao waliketi kwenye kibaraza cha udongo, juu ya mkeka uliotandikwa ngozi ya mbuzi, na ngozi nyingine ikiwa imepigiliwa ukutani kuukinga mgongo na baridi. Mzee akamkalisha mgeni pale pake, na mgeni alipokataa, hakumkubalia. Mfuko wa barua alizosubiri kwa miaka ukabaki magotini pake. Alifungua moja mbili za wanawe, akasema nyingine zingoje, kwanza aambiwe habari za dunia. Akasimuliwa habari za Mfereji wa Suez, na za vita vya Ufaransa na Prussia. Mtu anayeweka barua zake kando ili amsikilize mgeni ana la kutufunza sisi tunaosafiri.

Stanley alikuwa mwandishi wa gazeti la New York Herald, Mwelsi aliyelelewa katika nyumba ya maskini, na kwa maelezo yake mwenyewe alikuja Afrika akiipinga dini vikali. Alisema aliyembadilisha ni Livingstone, na kwamba mzee huyo hakujaribu hata kidogo kumwongoa. Stanley alimtazama tu siku baada ya siku: upole wake, uvumilivu wake, namna alivyoishi na watu. Pamoja walipanda mtumbwi hadi kaskazini mwa ziwa, wakathibitisha kwamba mto Rusizi unaingia ziwani wala hautoki. Ukivuka hadi Burundi, pale Mugere, kusini mwa Bujumbura, utaona mwamba uliochongwa majina yao na tarehe ya 25 Novemba 1871.

Wapo watakaosema Stanley si shahidi wa kuaminika, na wana haki. Alipenda kutia chumvi, kurasa za shajara yake za siku ile zimechanwa, na hata tarehe yake haipatani na ya Livingstone. Ndiyo maana siijengi hoja yangu juu ya salamu. Ushahidi ninaouona mzito ni alichofanya baadaye. Mwaka 1875, katika ikulu ya Kabaka Mutesa wa Buganda, alishirikiana na Dallington Muftaa, kijana aliyesomeshwa na wamisionari Unguja, kumfasiria Kabaka sehemu za Biblia kwa Kiswahili. Barua ya Stanley ya kuomba wamisionari ilichapishwa London mwaka huohuo, nao wakafika huko mwaka 1877.

Lakini mwaka huohuo wa 1875, Stanley aliwashambulia kwa bunduki watu wa kisiwa cha Bumbire, katika Ziwa Victoria, akaua wengi. Kisha akaenda Kongo kumtumikia Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Pingamizi hili ni zito kuliko yote, na sitaki lipite kimyakimya kwa sababu tu tuko kwenye kipindi cha utalii. Imani aliyoipata Ujiji haikuwakinga watu wa Bumbire. Mtu aweza kurudi kuamini kwa moyo wa kweli na bado akabaki na ukatili wake, na anayeitembeza historia ya Ujiji bila kuitaja Bumbire anampunja mgeni. Hata hivyo, hilo halifuti kilichotokea barazani. Linatuonyesha tu mpaka wake.

Na tusiwafanye Wazungu wawili kuwa wenye mji. Mtu wa kwanza kumwamkia Stanley hapa alikuwa Susi. Aliyewapikia ni Halima. Livingstone mwenyewe asingekuwapo kama mfanyabiashara Mwislamu, Mohamed bin Gharib, hangemuuguza na kumleta Ujiji mwaka 1869, alipokuwa hawezi hata kutembea. Mazungumzo yale yalitunzwa na watu wa dini nyingine na lugha nyingine, katika mji wa Waswahili na Waarabu.

[MUZIKI KWA SEKUNDE CHACHE]

Kwa hiyo usiishie kwenye mnara. Panda treni Kigoma, shuka Tabora, uende Kwihara, ambako tembe waliloishi Stanley na Livingstone limejengwa upya na kuwa makumbusho. Hapo waliagana tarehe 14 Machi 1872. Livingstone alikataa kurudi Ulaya, akabaki akisubiri wapagazi ambao Stanley aliahidi kumtumia kutoka pwani. Walifika Agosti, zaidi ya watu 50, na Livingstone alipofariki mwaka uliofuata, baadhi yao walikuwa pamoja na Susi na mtumishi mwenzake Chuma walipoubeba mwili wake kutoka kijiji cha Chitambo hadi Bagamoyo.