Bahasha ya Kaki Ibaki Nyumbani: Kutafuta Kazi Viwanja vya Nanenane

Mada kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa kilimo



Nimeombwa nizungumzie namna ya kujenga mahusiano ya kikazi kwenye maonesho. Ningeweza kuwapeleka Sabasaba, Barabara ya Kilwa, lakini ninyi mmesomea kilimo, kwa hiyo tubaki Nanenane: Nzuguni kule Dodoma, John Mwakangale Mbeya, Themi Arusha, Ngongo Lindi. Mwanzoni mwa Agosti, kampuni za mbegu, wauza viuatilifu na matrekta, benki, vyama vya ushirika, watafiti wa TARI na wakaguzi wa mbegu wa TOSCI hukusanyika uwanja mmoja. Kuwafuata mmoja mmoja ofisini kungekula nauli ya mwaka mzima, na kwa wengi wao usingepita getini.

Tatizo ni namna tunavyoingia. Kijana kavaa suti juani, kwapani ana bahasha ya kaki yenye nakala za vyeti, anapita banda kwa banda akiuliza, "Samahani, hapa mnaajiri?" Anajibiwa, "Acha wasifu wako, tutakupigia." Bahasha inawekwa chini ya meza, juu ya maboksi ya vipeperushi, na aghalabu inaishia hapo. Aliyesimama bandani hana mamlaka ya kuajiri. Umemwomba asichokuwa nacho, naye amekuaga kistaarabu.

Alichonacho ni habari. Anajua kwamba msambazaji wa Songwe ameacha kazi, kwamba ghala jipya litafunguliwa kabla ya msimu, kwamba bwana shamba wa wilaya fulani amezidiwa na vijiji. Habari za namna hiyo huchukua muda kufika kwenye matangazo, na nyingine hazifiki kabisa, kwa sababu nafasi imeshajazwa na mtu aliyesikia mapema.

Mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, aliliandikia jambo hili makala maarufu mwaka 1973. Alikuwa amewahoji watu wenye taaluma waliobadili kazi huko Newton, Massachusetts. Miongoni mwa waliopata kazi kupitia mtu, asilimia 16.7 tu walikuwa wakionana na mtu huyo mara nyingi, asilimia 55.6 walionana naye mara mojamoja, na asilimia 27.8 kwa nadra. Hakuna miujiza hapo. Rafiki mnayelala chumba kimoja anajua kile kile unachokijua; tangazo lenyewe mmelisoma kwenye kundi moja la WhatsApp. Anayeishi mbali na duara lenu ndiye anayesikia mengine. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2022, uliowahusisha watumiaji zaidi ya milioni 20 wa LinkedIn, ulithibitisha hoja hiyo na kuirekebisha kidogo: anayefaa zaidi ni mtu wa mbali kiasi, si mgeni kabisa.

Neno "kiasi" hapo ndilo linaloamua mwende vipi uwanjani. Mtu uliyemsalimia mara moja bado ni mgeni. Lazima umrudie.

Mimi ningeanzia kwenye vipando, si kwenye meza yenye kalenda na kofia za bure. Mahindi mnayoyaona yamekomaa mwezi wa Agosti yalipandwa miezi kadhaa nyuma, na kiangazi kile kuna mtu aliyeyamwagilia na kupambana na viwavijeshi. Huyo anaijua kampuni kuliko aliyeletwa kugawa vipeperushi. Mwulize swali la mtu aliyesoma: mbegu hii mliipanda kwa nafasi gani? Wakulima wa ukanda wa juu wanailalamikia nini? Akianza kueleza, msikilize. Baada ya hapo ndipo umwulize anafanya kazi na nani mikoani, na watu wa fani yako huingiaje. Omba namba yake, na jioni ile ile mtumie ujumbe mfupi unaotaja mlichozungumza. Mavuno yakianza, mwandikie tena, hata kama ni kumtumia picha ya shamba la mjomba wako lililopandwa mbegu yake.

Siku ya kilele, tarehe 8, siishauri. Mabanda yanasubiri wageni rasmi na hakuna mwenye dakika tano. Siku za mwanzo, asubuhi, ndizo zenye watu waliotulia.

Najua kuna anayenong'ona kwamba haya yote ni koneksheni kwa jina la heshima. Hapana. Kimemo cha mkubwa kinaomba sifa zako zisiangaliwe, lakini mtu aliyekuona ukichambua kipando anaweza kuulizwa, "Unamfahamu nani anayejua kazi hii?" akakutaja kwa haki kabisa. Na kwa nafasi za serikalini, maafisa ugani wakiwemo, msidanganyike: njia ni Sekretarieti ya Ajira, maombi kwenye mfumo wake, kisha usaili. Hakuna wa bandani atakayekuvusha hapo, na anayedai pesa ili akuvushe ni tapeli.

Mabinti nawaambia waziwazi, maana semina nyingi huliruka hili. Wapo watakaochukua namba yenu kwa ahadi ya kazi, kisha mazungumzo yahamie hotelini usiku. Kudai ngono kama sharti la ajira ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na TAKUKURU hupokea taarifa bure kwa namba 113. Tunzeni ujumbe wote. Mazungumzo ya kazi yafanyike bandani au ofisini, mchana.

Mwisho, ombi kwa idara: ratiba ya fildi ipangwe ili wanafunzi waweze kuhudumu kwenye vipando vya chuo wiki ile. Mwanafunzi anayeelezea kipando chake hafuati kampuni. Maofisa wa kampuni ndio hupita kuona wenzao wamepanda nini, na hapo mazungumzo huanza bila mtu kuomba chochote.

Nakaribisha maswali, hasa kutoka kwa waliowahi kukaa upande wa pili wa meza.