Bima ya Nyumba, na Kuchagua Ile Itufaayo

(Maneno aliyoyasema ndugu mmoja wa gengi la njia ya reli katika mkutano wa wanachama, Malaba)



Katibu aliniomba niseme habari za bima ya nyumba kwa kuwa mwaka jana mimi mwenyewe niliunguliwa, na jambo hilo nyote mnalijua. Sikuja hapa kama mtu wa kampuni, wala sina kitu cha kuuza. Lakini kabla ya kusema habari zangu, nataka kuwaambia habari za ndugu yetu mmoja, ambaye amenipa ruhusa ila hakupenda jina lake litajwe.

Ndugu huyo alikopa katika chama cha akiba na mikopo, akajenga nyumba ya vyumba vitatu upande wa Amukura. Katika karatasi ya mkopo palikuwa na neno “bima”, na kila mwezi fedha kidogo zilikatwa kwa ajili yake. Mvua za masika zilipofika, radi ikapiga nyumba ile, na paa lote likateketea. Yeye hakulia sana. Alikwenda ofisini moyo umetulia, akijua ya kwamba ana bima. Karani alisoma karatasi, kisha akamwambia, “Bwana, hii ni bima ya mkopo. Ungekufa wewe, au ungelemaa usiweze kufanya kazi tena, deni lingelipwa. Lakini nyumba haimo.” Mpaka leo ndugu yetu anakatwa mshahara kwa nyumba ambayo haina paa.

Basi nimeanza na hilo kwa sababu ndiko wengi wetu tunakoanguka. Tunalisikia neno bima, nasi tunadhani bima zote ni moja. Hapa mpakani watu wanaijua sana Kadi ya Manjano ya COMESA, ambayo dereva huionyesha akivuka kwenda Uganda. Nimemsikia mtu akisema, “Mimi nina kadi, nyumbani kwangu salama.” Kadi ile ni ya gari, kwa hasara ambayo gari litawafanyia watu wengine katika nchi ya jirani. Ukuta wako wala godoro lako havimo.

Na tukiwa bado katika habari za magari: sheria ya Kenya inalilazimisha kila gari barabarani kuwa na bima kwa ajili ya watu watakaoumizwa au kufa. Lakini ulazima huo haufiki kwenye majengo. Mwenye lori akiwa na bima kubwa zaidi, utalipwa ukuta wako. Akiwa na ile ndogo ya kutimiza sheria tu, yawezekana utabaki kumfuata mahakamani mtu ambaye amekwisha fika Kampala. Ninyi mliojenga kando ya barabara hii, ambapo malori hupanga mstari wa maili na maili siku mpaka ukikwama, fikirini jambo hilo. Hati nzuri ya bima ya nyumba huandika waziwazi ya kwamba gari kuigonga nyumba ni hasara inayolipwa.

Sasa, bima ya nyumba yenyewe ni nini? Ni mchango kama ule wa msiba, tofauti ni kwamba hapa twachanga kabla ya msiba, tena pamoja na watu tusiowajua. Si akiba. Mwaka ukipita bila hasara, fedha hazirudi, na usimlaumu mtu. Wale ndugu zetu Waislamu wenye shaka juu ya jambo hili wajue ya kwamba tangu mwaka 2011 iko hapa Kenya kampuni ya takaful, ambayo mchango wake hupangwa kwa kufuata sharia.

Makampuni ya Kenya huuza bima ya nyumba kama furushi moja lenye mafungu. Fungu la kwanza ni jengo lenyewe: kuta, paa, milango, choo, ua. La pili ni vyombo vya ndani: vitanda, viti, runinga, nguo, sufuria. La tatu ni vitu unavyotembea navyo nje ya nyumba, kama simu. Yako mengine kwa ajili ya mtumishi wa nyumbani akiumia kazini, na kwa ajili ya mgeni akiumia nyumbani mwako kwa kosa lako. Hulazimiki kununua yote. Wewe unayekaa katika nyumba ya reli, au uliyepanga chumba mjini Busia, jengo si lako. Usimlipie mwenye nyumba bima yake. Nunua fungu la vyombo tu. Na usidhani bima ya mwenye nyumba itakulipa kitanda chako.

Lakini wengi wetu tumejenga, na hapa nataka tukae kidogo.

Karatasi ya maombi itakuuliza nyumba imejengwa kwa nini. Kwa kawaida hati za bima huhesabu nyumba kuwa ni ile ya matofali, mawe au saruji, iliyoezekwa kwa mabati au vigae. Nasi tunajua nyumba zetu za Teso na za Ubukhayo. Nyingi ni za fito na udongo, zikapigwa plasta ya simiti mpaka mtu akipita barabarani akadhani ni matofali. Ukiandika “matofali” kwa kuona haya, au wakala akikuandikia hivyo ili kazi iende upesi, umeharibu bima yako kwa mkono wako mwenyewe. Siku ya hasara mkaguzi atakuja, atagusa ukuta, ataona fito. Sema kweli. Kampuni nyingine itakataa, nyingine itakubali kwa bei ya juu zaidi, nawe utajua mahali unaposimama.

Vivyo hivyo ukiwa na duka katika chumba cha mbele, au ukilaza madereva kwa malipo, andika. Na habari ya petroli sitaificha, ijapokuwa najua wako humu watakaonikasirikia. Wako watu wanaoweka mitungi ya petroli chini ya kitanda wakaiuza kwa chupa. Nyumba kama hiyo ikiungua, kampuni italeta neno hilo mbele, na itakuwa na haki. Nanyi mnajua petroli inavyofanya. Tarehe 31 Januari 2009, huko Sachangwan karibu na Molo, watu zaidi ya 100 waliteketea walipokuwa wakichota mafuta ya lori lililopinduka. Mwezi Julai 2021, Malanga katika Siaya, kwenye barabara ya Kisumu kuja Busia, walikufa 13. Bima ya nyumba haimfufui mtu.

Sasa nije kwangu. Nilipokata bima wakala aliniuliza nyumba ina thamani gani. Nikasema sijui. Akaniambia, “Andika laki sita, malipo yatakuwa madogo.” Nikafurahi. Karatasi zilikuwa za Kiingereza, na Kiingereza changu cha shule ya misheni kiliweza kuyasoma maneno, lakini hakikuweza kunionyesha yanakokwenda. Nikatia sahihi.

Moto ulianza jikoni usiku, ukala jiko, chumba cha watoto na nusu ya paa. Tunashukuru watoto walitoka. Fundi alikadiria matengenezo kuwa shilingi 400,000. Mimi nikahesabu: bima yangu ni 600,000, hasara ni 400,000, basi nitalipwa yote. Mkaguzi wa kampuni akaja, akapima nyumba nzima, akasema ya kwamba kuijenga upya kwa bei za leo ni shilingi 1,200,000. Kwa hiyo, akasema, mimi nilikata bima ya nusu ya nyumba, na nusu nyingine niliibeba mwenyewe. Kila hasara itagawanywa vivyo hivyo. Nusu ya 400,000 ni 200,000. Kisha ikatolewa 20,000, maana imeandikwa ya kwamba hasara yo yote mwenye nyumba atabeba sehemu hiyo ya kwanza. Nikapewa 180,000.

Niligombana nao sana. Nilisema ni wezi, na jina la kampuni ile sitalitaja, kwa sababu baadaye nilionyeshwa ukurasa wa nne wa hati yangu na neno hilo lilikuwapo. Makampuni yote hulitumia. Kosa la wakala lipo, kwa kuwa hakunieleza. Na langu lipo. Lakini tangu siku ile watoto wangu wanalala sebuleni, na chumba chao nimekifunika turubai.

Kwa hiyo thamani ya kuandika ni gharama ya kuijenga nyumba ile upya leo: matofali, simiti, mabati, mbao, fundi, na kuondoa kifusi. Si ile uliyotumia miaka kumi iliyopita, maana wote mnajua mfuko wa simiti ulivyopanda. Wala usitie bei ya kiwanja, kiwanja hakiungui. Na usiandike kubwa kupita kiasi ukitumaini faida, kwa kuwa utalipwa hasara uliyopata tu, na zile fedha za juu umezitupa. Mlete fundi anayejua, akuandikie kadirio, ulitazame tena kila mwaka.

Ziko hasara ambazo hazilipwi. Mchwa hawalipwi, wala kutu, wala ukuta uliochakaa. Wizi mara nyingi hulipwa ikiwa mwizi amevunja. Uliyeacha mlango wazi ukaenda sokoni utarudi na maneno matupu. Nyumba kufungwa muda mrefu bila mtu, hili latuhusu sana sisi wa reli tunaohamishwa kwenda Eldoret au Nakuru: hati nyingi zina idadi ya siku, na zikipita, wizi haulipwi mpaka umewaarifu. Nyumba kubomolewa kwa amri ya serikali hailipwi. Ninyi mliojenga ndani ya mipaka ya ardhi ya reli, nadhani mmenielewa. (Kicheko.)

Fujo za siasa nazo husimama peke yake. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 tuliona njia ya reli iking'olewa pale Kibera, na watu wengi walioteketezewa mali walipokwenda kudai waliambiwa ya kwamba hati zao hazina fungu hilo. Siku hizi huuzwa kama nyongeza. Uliza bei, kisha uamue.

Mafuriko kwa kawaida yamo, lakini kwa ndugu zetu wa Budalang'i jambo si rahisi. Mto Nzoia umevunja kingo zake mara nyingi, na mwezi Mei 2020, wakati Ziwa Viktoria lilipojaa kupita kiasi, vijiji vizima vilihama. Kampuni ikijua nyumba iko bondeni yaweza kuyaondoa mafuriko katika hati, au kukuachia sehemu kubwa ya kubeba. Mtu wa huko aulize neno hilo kabla ya jingine lo lote, na apewe jibu kwa maandishi.

Na wale waliojenga ng'ambo, Tororo au Busia ya Uganda: hati ya Kenya hulinda nyumba iliyoandikwa ndani yake, mahali palipoandikwa. Kwa nyumba ya Uganda tafuta kampuni iliyopewa leseni huko.

Kuhusu malipo. Sheria ya bima ya Kenya hairuhusu kampuni kubeba hatari kabla ya kupokea fedha. Maana yake, ahadi ya “nitalipa mwisho wa mwezi” si bima, hata kama wakala amekunywa chai kwako. Lipa kwa nambari ya kampuni yenyewe, si kwa simu ya wakala, ukadai risiti na hati. Halmashauri ya kusimamia bima, IRA, iliyoko Nairobi, hutangaza orodha ya makampuni na mawakala wenye leseni. Tazama jina kabla ya kutoa fedha. Kuwa na jengo kubwa mjini si dhamana. United iliwekwa chini ya usimamizi mwaka 2005, na Blue Shield mwaka 2011, na watu walibaki na karatasi mikononi. Ukionewa katika madai, IRA hupokea malalamiko bila ada. Katibu anaweza kusaidia kuandika barua.

Hasara ikitokea, zima moto na uokoe unachoweza, piga ripoti polisi upate nambari ya OB, uwaarifu kampuni upesi, na usisafishe wala kujenga kabla mkaguzi hajaona. Mimi nilikuwa nimekwisha anza kuondoa mabati yaliyoungua, na hilo nalo lilinipa maneno mengi.

Jambo la mwisho ni dogo. Tulipoulizwa vyombo vilivyoungua, mimi na mama watoto tulikaa usiku mzima tukikumbuka, na bado wiki mbili baadaye tulikuwa tukikumbuka vingine: cherehani, blanketi mbili, vitabu vya shule. Sasa ameandika kila kitu katika daftari, na bei yake na risiti zilizopo, akavipiga picha kwa simu. Daftari hatuliweki nyumbani. Liko kwa shemeji yangu Bungoma.

Hati yangu mpya ninayo hapa, ya shilingi 1,200,000, na ukurasa wa nne nimeutia alama kwa wino mwekundu. Anayetaka kuusoma anifuate pale kwenye benchi. Niko mpaka saa kumi na moja, kisha naingia zamu.