Kuionea Haya Imani Mahali pa Kazi



Jumatano ijayo tunaanza Kwaresima. Waamini wengi wanaofanya kazi Mchafukoge, Kisutu na Kariakoo watahudhuria Misa ya alfajiri, au wataiwahi ya mchana, nao watapakwa majivu. Kisha tutaiona tena ile hali ya kila mwaka: mtu anatoka kanisani, anakaribia mlango wa duka au wa ofisi, anatoa leso, anafuta paji la uso. Akiulizwa atasema kwamba jasho limeyaondoa. Jua la Dar es Salaam ni kali kweli, lakini halina kasi ya leso.

Tena yupo anayejitetea kwa Injili ya siku hiyo hiyo, kwa kuwa Bwana wetu anatufundisha tunawe uso tunapofunga (Mt 6:17). Ni utetezi wa kijanja. Bwana alikuwa akiwakemea watu waliotafuta kusifiwa kwa kufunga kwao. Ni nani atakayetusifu sisi kwa majivu, tukiwa nyuma ya kaunta ya vitenge? Anayefuta kwa unyenyekevu na afute kwa amani. Leo tunasema na yule anayefuta kwa sababu anaona haya kujulikana.

Haya hiyo inatoka wapi? Tusiseme kwamba mji huu unawacheka wanaosali. Adhana ya adhuhuri inaposikika, ndugu yetu Mwislamu anaacha mizani, anatia udhu, anakwenda msikitini na kurudi, wala hakuna anayemcheka. Mhindu anafukiza ubani dukani asubuhi kabla ya kupokea mteja wa kwanza. Sisi tunakaa kwa mama lishe, tunatazama kulia na kushoto, na ishara ya msalaba inageuka kuwa kama mtu anayejikuna kifuani.

Wapo wanaoogopa ugomvi. Wanaikumbuka mihadhara ya miaka ya 1980 na 1990, dini ilipobishaniwa kwa vipaza sauti na majirani wakaachana wakiwa na uchungu. Hofu hiyo ina sababu, nasi hatuidharau. Lakini kwa wengi wetu mzizi uko mahali pengine: tunaogopa kudaiwa. Mtu akishajitambulisha kuwa ni wa Kristo, mwenzake atakumbuka kilo iliyopunjwa, kitambaa kilichovutwa kwenye kipimo, mshahara wa kibarua uliocheleweshwa. Atasema: kumbe na wewe unasali! Basi tunaona afadhali kunyamaza, na kimya hicho tunakiita busara.

Mtume Petro aliota moto uani kwa Kuhani Mkuu pamoja na watumishi wa nyumba ile (Lk 22:54-62). Aliyemtikisa kwanza alikuwa mjakazi, na hatusomi kwamba alikuwa na silaha. Mathayo anaongeza kwamba hata usemi wa Petro ulimtambulisha (Mt 26:73). Wenzetu nao wametutambua zamani. Wanajua jina letu la ubatizo, wanajua tunakoomba kwenda siku ya Noeli. Wasichokijua ni kwa nini tunaamini, na hilo hakuna atakayewaambia kwa niaba yetu.

Wapo waliosema, tena wakiwa kazini. Mwaka 1882 Wamisionari wa Afrika waliondoka Buganda wakakaa kusini mwa ziwa, upande wa Mwanza ya leo, hadi mwaka 1885. Kwa muda huo wote Wakatoliki wa Buganda hawakuwa na padre. Waliofundisha dini walikuwa walei wenyewe, na miongoni mwao walikuwamo watumishi wa ikulu ya Kabaka, waliofundishana katikati ya zamu zao. Yosefu Mukasa Balikuddembe alikuwa na dhamana juu ya vijana watumishi wa ikulu. Aliaminiwa na Kabaka Mutesa, na baada yake Mwanga naye akamweka karibu. Tuangalie utaratibu huo: uaminifu wake katika utumishi ulijulikana kwanza, na maneno yake yakapata mahali pa kusimama. Alipomwambia Mwanga wazi kwamba haikuwa haki kumwua Askofu Hannington, ambaye alikuwa Mwanglikana, hakutetea kundi lake. Tarehe 15 Novemba 1885 aliuawa. Karoli Lwanga akaichukua kazi yake, ya ikulu na ya katekesi pia, mpaka moto wa Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Leo soko kubwa la Kampala, ambalo wengi wanaliita Owino, lina jina rasmi la Mtakatifu Balikuddembe. Wachuuzi wa Kariakoo wanaofuata mitumba huko wanapita chini ya jina la mtumishi mwenzao.

Sisi hatutishiwi moto. Tunachotishiwa ni kicheko, na pengine swali. Basi tuanze na mizani. Aliyempunja mwenzake arudishe kabla ya Jumatano. Kufanya hivyo kutamwondolea sehemu kubwa ya haya. Kisha ajifunze kusema maneno machache ya kweli. Mwenzako ana mama mgonjwa Muhimbili: mwambie kwamba umemwombea, mradi umemwombea kweli. Anauliza kwa nini hukukubali kuandika risiti ya uongo: usisingizie sheria peke yake, mwambie kwamba unamwogopa Mungu. Mtakatifu Petro, yule yule wa penye moto, anatutaka tuwe tayari kumjibu anayeuliza, kwa upole na kwa heshima (1 Pet 3:15-16). Mwenye duka asimvute kijana wake kanisani kwa ahadi ya nyongeza ya mshahara. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya uhuru wa dini, unakataa ushawishi wa namna hiyo, hasa kwa maskini. Wala tusiidharau dini ya mwenzetu ili yetu ionekane njema.

Jumatano, basi, mwenzako atakutazama akuambie: una uchafu usoni. Usikimbilie leso. Mwambie ni majivu. Kwamba wewe ni mavumbi, unaanza siku arobaini za toba, na kwamba ile fedha yake ya mwezi uliopita hii hapa. Akiuliza zaidi, mweleze zaidi. Mteja akiingia, mhudumie kwanza.