Kadi zetu za picha: tuchape kwenye karatasi gani?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na wageni, Baraka)



Mmetuuliza kwa nini hesabu ya karatasi na plastiki imepita ile ya mchoraji. Swali ni la haki, maana pesa inatoka kwenye mchango wenu. Tutajibu polepole.

Bunda moja lina kadi 24: maji safi, choo, kunawa mikono, dawa ya kuhara, mpaka wa shamba, sanduku la akiba. Tangu boti zilipoanza kuleta watu kutoka Kigoma mwaka 2005, tumekaa pamoja watu wa njia mbalimbali. Kuna waliosoma Lugufu na Nyarugusu, na kuna waliobaki huku wakikimbia porini, shule hawakuiona. Ukibandika tangazo la maandishi, nusu ya kikao inabaki nje. Kadi inashikwa mkononi, inapita kwa jirani, watu wanapanga, wanabishana. Kwa hiyo tulichagua kadi.

Sasa tuangalie kadi namba 9, ile ya maji ya chumvi na sukari. Pakiti ya dawa ikikosekana, unachukua lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, si vya mlima. Chumvi ikizidi, mtoto anaumia. Sasa ile nusu kijiko ikitoka kama doa jeusi, mama ataona kijiko kizima. Hapo ubora wa kuchapa si urembo tena. (Na mtu anayehara kama maji ya mchele, apelekwe kituo cha afya mara moja, umnyweshe njiani, usingoje.)

Karatasi inapimwa kwa gramu kwa kila mita mraba. Ile ya fotokopi ni gramu 80: ukiiinua juani, picha ya nyuma inaonekana mbele, na mkono wenye jasho unaikunja siku ileile. Bristoli ya gramu 250 inasimama vizuri, lakini mashine ndogo nyingi zinaikataa, inakwama ndani. Na bristoli peke yake bila plastiki inakunywa maji. Huku kwetu kando ya ziwa, na mvua zile mnazozijua, hewa tu inatosha kuipinda.

Kwa hiyo lazima kuplastifiye. Wenzetu waliozoea Tanzania wanasema laminesheni, ni kitu kimoja. Plastiki ya mikroni 125 kila upande inaipa kadi ugumu wake yenyewe. Ndiyo maana hatuhitaji karatasi nzito sana ndani: gramu 160 inatosha. Ukinunua gramu 300 halafu plastiki nene juu, umelipa ugumu mara mbili.

Lakini kuna njia ya kuharibu hata plastiki nzuri. Fundi akiplastifiye karatasi nzima ya A4 ndipo akate kadi, ukingo wa karatasi unabaki wazi. Maji yanaingia pembeni, kadi inavimba, plastiki inabanduka. Inatakiwa kukata kwanza, kisha kila kadi iingie kwenye mfuko wake. Kadi yetu ni A6, milimita 105 kwa 148. Mfuko wake ni 111 kwa 154. Inabaki milimita 3 za plastiki tupu kila upande, na hiyo ndiyo inayofunga maji nje. Pembe zikatwe mviringo, maana pembe kali inachoma watoto na ndiyo inayoanza kufunguka. Kazi hii inachukua muda zaidi, na fundi ana haki ya kuilipwa.

Kuhusu wino: mashine ya wino wa maji inatoa rangi nzuri, lakini tone moja likiingia, rangi inakimbia, na jua linaififisha. Mashine ya leza inayeyusha unga juu ya karatasi. Unga huo haukimbii. Tumechagua leza.

Hesabu ni hii. A4 moja inatoa kadi 4, bunda moja ni karatasi 6, mabunda 30 ni karatasi 180. Bei tulizoletewa ziko kwa mtunza sanduku, kila mwanachama aende azione. Kwa pesa tuliyo nayo, tunaweza kupata mabunda 30 bila plastiki, au 18 yenye plastiki na kukatwa vizuri.

Tunajua kila kikundi kinataka bunda lake, na wa milimani watasema wamesahauliwa tena. Hata hivyo tunapendekeza 18. Vikundi vya jirani vitumie bunda moja kwa zamu, na wale wa mbali, ambao barabara inakatika wakati wa mvua, wapewe kwanza, kwa sababu hao hawawezi kuazima. Kila kadi ina namba nyuma. Ikipotea moja, tunachapa hiyo moja tu.

Jambo la mwisho. Kabla ya kulipa, bunda moja lichapwe kwenye karatasi yenyewe na mashine yenyewe. Tulipeleke kwa mama ambao hawajaliona. Tusiwaulize «mumeelewa?», maana kwa heshima watajibu ndiyo. Tuwaulize: «Hapa munaona nini? Chumvi ni kiasi gani?» Wakisema kijiko kizima, picha inarudi kwa mchoraji, na fundi angoje.

Sasa mnyooshe mikono: 30, au 18? Na mwenye njia nyingine aiseme hapa, wote tusikie.